Ziwa Nyasa lipimwe hadi chini, na kazi ianzie Lupingu

Anayeshuka kwa gari kutoka Ludewa kwenda Lupingu huliona Ziwa Nyasa mapema, kisha hukaa muda mrefu akizungushwa na kona za mlima kabla hajalifikia. Milima ya Livingstone imesimama karibu wima juu ya mwambao huu, na vijiji vimebanana kwenye kipande chembamba cha ardhi kati ya mteremko na maji. Huku ndiko kwa Wakisi, watu wa uvuvi na ufinyanzi, ambao vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi masoko ya upande wa Matema. Kwao ziwa ndiyo barabara, ndiyo shamba, na kwa miaka mingi limekuwa njia ya uhakika kuliko ile ya milimani.

Mlima ule haukomi pale maji yanapoanzia. Unaendelea kushuka. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na kina chake kirefu zaidi ni kama mita 706. Kwa kuwa uso wa maji uko takriban mita 470 juu ya usawa wa bahari, sehemu ya chini kabisa ya ziwa hili iko zaidi ya mita 200 chini ya usawa huo huo. Mbele ya Lupingu, mvuvi hahitaji kupiga makasia mengi kabla kamba yake haijakosa kugusa chini.

Huko chini kuna nini hasa? Kwa sehemu kubwa ya mwambao wa Ludewa, jibu la kina halipo kwenye ramani yoyote ambayo nahodha, mvuvi au diwani anaweza kuifungua. Upungufu huo umevumiliwa vya kutosha. Vyombo vya kuuondoa vipo sasa: nyambizi ndogo zisizo na mtu ndani, zinazojiendesha zenyewe, zinazoweza kupita karibu na sakafu ya ziwa na kuichora kipande kwa kipande. Serikali ianze kuzitumia Ziwa Nyasa, na Lupingu ni mahali panapofaa kuanzia.

Si kweli kwamba ziwa hili halijapata kuguswa na wapimaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walilipima kwa bildi, yaani risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba. Kila mahali kamba iliposhuka palipata namba moja kwenye ramani, na nafasi kati ya namba na namba ilibaki tupu. Mmoja wa wapimaji hao, Rhoades, ndiye baadaye aliyeiongoza meli ya Guendolen kuishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Liuli mnamo Agosti 1914.

Miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walipita wakipiga mawimbi ya sauti yanayopenya hadi chini ya tope, wakagundua kwamba mashapo yaliyolala chini ya ziwa yana unene wa kilomita kadhaa. Mwaka 2005 jahazi la kuchorongea liitwalo Viphya lilitoboa sakafu ya ziwa mahali penye maji ya kina cha karibu mita 600, likatoa nguzo ya udongo yenye urefu wa mita 380. Udongo huo ulisimulia habari ya kutisha: katika kipindi cha kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, ukame mkali ulilishusha ziwa kwa zaidi ya mita 500. Kisha, kati ya 2013 na 2015, mradi mwingine uliowahusisha wataalamu wa Tanzania, Malawi na Marekani ulitega mitambo ya kusikiliza matetemeko nchi kavu na hata chini ya maji.

Ni kazi nzuri, na dunia imejifunza mengi kutokana nazo. Lakini hizi za kuanzia miaka ya 1980 zote ziliuliza maswali makubwa: bara la Afrika linapasukaje, tabianchi ilibadilikaje. Mistari yao ilitengana kwa kilomita kadhaa. Hakuna hata moja iliyokusudiwa kumwonyesha nahodha mwamba uliojificha karibu na ufukwe anaoteremshia abiria usiku.

Kwa nini basi nyambizi inayojiendesha, wakati meli yenye sona inaweza kupima kutoka juu? Jibu limo kwenye namna sauti inavyosambaa. Sona hutuma sauti, sauti hugonga chini, mwangwi hurudi, na kompyuta hupiga hesabu ya kina kutokana na muda uliopita. Mwale wa sauti hutanuka kadiri unavyokwenda mbali. Mwale wenye upana wa nyuzi moja, ukitoka juu ya maji na kufika kina cha mita 500, huwa umetanuka hadi kufunika karibu mita 9 za sakafu. Chochote kilichomo ndani ya mita hizo 9, uwe mwamba, mtumbwi uliozama au ufa, huchanganywa kuwa namba moja. Mwale huo huo ukitumwa na nyambizi inayoelea mita 40 tu juu ya sakafu, hufunika kama sentimita 70. Kwenye mteremko mkali tofauti huwa kubwa zaidi, maana mwale unaofika kwa ubavu hutanda juu ya kina kingi kwa mara moja. Lupingu ni mteremko mtupu.

Kuna jambo la pili, ambalo mwenyeji wa mwambao halihitaji maelezo: upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi ya Ziwa Nyasa huwa hayana mchezo. Meli ya kupimia hulala ubavu huu na ubavu ule, na vipimo vyake huyumba nayo. Nyambizi ikishazama mita chache chini ya mawimbi hukuta utulivu. Inakwenda kwa spidi ya mtu anayekimbia polepole, inanyooka kwenye mstari wake, inageuka, inarudi sambamba na mstari uliotangulia, na haichoki mpaka betri ipungue.

Ndani ya maji GPS haifanyi kazi, kwa sababu mawimbi ya redio kutoka kwenye satelaiti hayapenyi. Kwa hiyo nyambizi hujua ilipo kwa kukumbuka. Hupata nafasi yake kamili ikiwa juu ya maji, kisha ikizama hutumia vifaa vinavyohisi kila mgeuko na kila ongezeko la mwendo, pamoja na mapigo ya sauti yanayopima kasi yake dhidi ya sakafu. Makosa madogo hujilimbikiza, hivyo baada ya muda hulazimika kuibuka, kujisahihisha na kuzama tena. Hata maji baridi ya ziwa yana masharti yake. Chombo cha kilo 37 kilichosawazishwa kwa ajili ya bahari kitakuwa kizito kwa karibu kilo moja kikitiwa Ziwa Nyasa, kwa sababu maji yasiyo na chumvi hubeba kidogo. Fundi asipolisahihisha hilo ufukweni, chombo kitakwenda chini moja kwa moja.

Kilo 37 si mfano wa kubuni. Ndio uzito wa aina moja ndogo, REMUS 100, inayoweza kubebwa na watu wawili na kushushwa majini kutoka kwenye boti ya kawaida. Inazama hadi mita 100. Jamii yake kubwa, REMUS 6000, ndiyo iliyoyapata mabaki ya ndege ya Air France, safari namba 447, mwezi Aprili 2011, katika kina cha takriban mita 3,900 za Bahari ya Atlantiki, karibu miaka miwili tangu ndege hiyo ipotee na watu 228.

Wasomaji wa Pwani wanakumbuka kisa kingine. Mwezi Juni 2016 kipande cha bawa la ndege kiliokotwa kisiwani Pemba, na miezi mitatu baadaye ikathibitishwa kwamba kilitoka kwenye ndege ya Malaysia, MH370, iliyotoweka Machi 2014. Waliokuwa wakiitafuta kusini mwa Bahari ya Hindi walikuta ramani za huko ni hafifu kiasi kwamba ilibidi kwanza sakafu ipimwe upya kwa meli, ndipo vyombo vya kina viteremshwe bila kugonga milima isiyojulikana. Mwaka 2018 kampuni ya Ocean Infinity ilirudi na kundi la nyambizi zinazojiendesha na kupekua zaidi ya kilomita za mraba 110,000 kwa miezi michache. Ndege haikuonekana.

Duniani kote hali ndiyo hiyo. Mradi wa kimataifa wa Seabed 2030, ulioanza mwaka 2017, ulitangaza Juni 2025 kwamba ni asilimia 27.3 tu ya sakafu ya bahari iliyokuwa imepimwa kwa kiwango cha kisasa. Maziwa hayamo hata kwenye hesabu hiyo. Bahari ina wafadhili, ina nyaya za intaneti, ina gesi. Ziwa Nyasa likisubiri zamu yake litasubiri sana.

Na kusubiri kuna gharama. Wakazi wa mwambao wa kaskazini wanakumbuka Desemba 2009. Kuanzia tarehe 6 mwezi huo, ardhi ya Karonga, ng'ambo ya pili ya ziwa nchini Malawi, ilitikisika kwa majuma mawili, na tetemeko kubwa kuliko yote, la tarehe 19, lilifikia kipimo cha 6.0. Watu walikufa, nyumba nyingi zikaanguka. Wanajiolojia walitazama zaidi ufa mkubwa wa Livingstone, ule uliouinua mlima wa Lupingu, lakini ardhi haikupasukia hapo. Ilipasukia kwenye nyufa ndogo za upande wa magharibi ambazo hazikuwa zikitiliwa shaka.

Nyufa za namna hiyo zimo pia ndani ya ziwa, zimefunikwa na maji na tope. Nyambizi yenye sona ya kuchungulia chini ya tope inaweza kuonyesha mahali ambapo tabaka za udongo zimekatika na kuteleza, na wataalamu wakasoma kama mkatiko huo ni wa jana au wa maelfu ya miaka. Inaweza pia kuonyesha makovu ya maporomoko. Mlima unaoporomosha mawe na tope barabarani masika hauachi tabia hiyo ukiingia majini, na poromoko kubwa chini ya maji linaweza kusukuma wimbi hadi ufukweni. Hakuna sababu ya kuwatisha wananchi kwa jambo hili. Ipo sababu ya kulichunguza, hasa wakati ambapo mwambao wote unajengwa.

Maana mwambao unajengwa kweli. Meli za mizigo za MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya tani 1,000, na ile ya abiria, MV Mbeya II, zimeundwa ndani ya muongo mmoja. Bandari mpya ya Mbamba Bay imeanza kujengwa. Ludewa ina chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, na siku miradi hiyo ikisimama ipasavyo, ziwa litatakiwa kubeba mizigo mizito kuliko vyungu na magunia ya dagaa. Gati halijengwi juu ya kubahatisha. Mhandisi anayesimika nguzo ufukweni anapaswa kujua kama mita 50 mbele kuna mwamba au genge la tope lililo tayari kuteleza.

Lakini kama kuna hoja moja inayozidi nyingine, ni samaki. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani. Wanasayansi wanakadiria aina 800 hadi 1,000, na nyingi hazipatikani mahali pengine popote. Pamoja na wingi huo, sehemu kubwa ya ziwa haina samaki kabisa. Chini ya mita 200 hadi 250 maji hayana hewa ya oksijeni. Viumbe vinavyovuta hewa hiyo haviwezi kuishi huko.

Tafsiri yake kwa Lupingu ni nzito. Kwenye fukwe za kusini, ambako ziwa ni la kina kifupi, makazi ya samaki wa chini hutanda kilomita nyingi. Mbele ya milima ya Livingstone, sakafu hushuka upesi na kupita mpaka wa hewa, kwa hiyo makazi yao ni ukanda mwembamba tu unaofuata ufukwe. Katika ukanda huo huo kuna miamba wanakoishi samaki wadogo wa rangi wasiohama mbali na mawe yao, na kuna mchanga ambako madume ya jamii nyingine hujenga vichuguu vya kuvutia majike wakati wa kuzaliana. Kokoro likiburuzwa juu ya mchanga huo msimu wa kuzaliana, hakuna anayejua limeharibu vichuguu vingapi. Sona ya pembeni ya nyambizi ndogo, inayopita mita chache juu ya sakafu, hutoa picha ambazo uwazi wake hufika sentimita kadhaa. Inaweza kuonyesha mwamba unapoishia na mchanga unapoanzia, na hata vichuguu vyenyewe. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) cha Kyela kikiwa na ramani hiyo, mazungumzo na wavuvi juu ya wapi pavuliwe na wapi papumzishwe yatakuwa na kitu cha kuwekwa mezani.

Ipo pia hoja ya maafa, na haipendezi kuiandika. Tarehe 30 Julai 1946, meli ya Vipya, iliyokuwa mpya kabisa, ilizama katika ziwa hili na kuua watu 145. Tanzania imezika watu wake wa MV Bukoba mwaka 1996, wa MV Nyerere mwaka 2018, na wa ndege ya Precision Air iliyoangukia ziwani Bukoba Novemba 2022, ambako wavuvi ndio waliotangulia kuokoa. Ajali hizo zote tatu zilitokea Ziwa Victoria, ambalo kina chake kirefu zaidi ni kama mita 80. Mzamiaji anaweza kufika, kwa taabu. Chombo kikizama mita 300 mbele ya mwambao wa Ludewa, hakuna mzamiaji atakayekwenda. Nchi yenye maziwa mawili kati ya yale yenye kina kirefu zaidi duniani, Tanganyika na Nyasa, inapaswa kuwa na chombo kinachoweza kuteremka huko, na watu wanaojua kukitumia kabla ya siku ya msiba.

Wapo watakaosema Ludewa inahitaji zahanati na lami kabla ya roboti. Ni hoja ya haki. Mama mjamzito wa kijiji kisicho na barabara hasaidiwi na picha ya mwamba. Hata hivyo mama huyo mara nyingi husafirishwa kwa chombo cha majini, juu ya maji ambayo hayajapimwa. Usalama wa ziwa kwake ni sehemu ya huduma ya afya. Na hakuna anayependekeza inunuliwe nyambizi ya kuzama mita 6,000. Kwa ukanda wa samaki na njia za meli inatosha aina ndogo inayofika mita 250, tena ya kukodi au ya kutumiwa kwa zamu na nchi jirani. Kwa vilindi vya mbele ya mlima, vyuo vikuu ambavyo vimelitafiti ziwa hili kwa miaka 40 viombwe kurudi na vyombo vyao, safari hii kwa masharti ya Tanzania.

Masharti yenyewe si ya ajabu. Takwimu zibaki pia nchini na ziwe wazi kwa umma. Vijana wa Chuo cha Bahari Dar es Salaam na wanajiolojia wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ya Dodoma wawe mafundi wa kazi, wasiwe wasindikizaji. Ramani itolewe kwa namna ambayo nahodha wa boti ya mbao anaweza kuisoma kwenye simu yake.

Na wavuvi waulizwe kwanza. Hili si la adabu tu. Adui mkubwa wa nyambizi ndogo ziwani ni nyavu: ikinasa haina mikono ya kujinasua. Anayejua nyavu zimetegwa wapi usiku huu ni mvuvi, na ndiye pia anayejua mwamba uliochana nyavu za baba yake. Watafiti wakikaa naye siku mbili kabla ya kuzamisha chombo, wataokoa chombo na wataongeza kwenye ramani majina ya mahali ambayo hayajapata kuandikwa.

Kuna suala la mpaka, na kulinyamazia ni kujidanganya. Tanzania inashikilia kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa. Malawi inadai maji yote hadi ufukwe wa Tanzania, kwa kutegemea mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890. Mgogoro huo ulipamba moto baada ya Malawi kutoa leseni za kutafuta mafuta mwaka 2011, na upatanishi ukakabidhiwa kwa wazee wa Kusini mwa Afrika wakiongozwa na Rais mstaafu Joaquim Chissano wa Msumbiji. Wapo wanaoogopa kwamba kupima sakafu ni kuchokoza. Kinyume chake, tetemeko la 2009 halikuuliza uraia, na samaki wa upande huu ndio wa upande ule. Nchi hizi pamoja na Msumbiji zinaweza kupima kwa pamoja bila kuandika neno lolote juu ya mpaka. Jambo la hatari zaidi ni kuiacha kazi hiyo mikononi mwa makampuni ya mafuta, ambayo hupima yanapopataka na huweka matokeo kabatini.

Wizara ya Uchukuzi na Wizara ya Mifugo na Uvuvi zikae pamoja na kutenga fedha za awamu ya kwanza: ukanda wa maji kutoka Lupingu kushuka Manda, kuanzia ufukweni hadi kina cha mita 250, katika miezi ya utulivu baada ya kusi kuisha. Mbunge wa Ludewa alipeleke suala hili bungeni katika mjadala wa bajeti ijayo, na wananchi wa mwambao wamdai jibu.